Kisu Gizani: Sikio la Speke, Njia ya Karagwe na Mfupa Unaoota Sikioni

Mwanzoni mwa Machi 1858, usiku wa mvua na upepo mkali, ofisa Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amelala hemani kwenye kisiwa kimojawapo cha Ziwa Tanganyika. Alikuwa ametoka Ujiji kwa mtumbwi, anavuka kwenda Kasenge kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim kukodi jahazi la kuzungukia ziwa. Mkuu wake wa msafara, Richard Burton, alibaki Ujiji akiwa mgonjwa. Upepo ukang'oa vigingi vya hema. Ulipotulia, mshumaa ukawashwa ili mizigo ipangwe upya, na papo hapo mbawakawa wadogo weusi wakaufuata mwanga, wengi kama senene wanaofuata taa kule Kagera mwezi wa Novemba. Wakajaa nguoni, kitandani na nyweleni. Speke aliwakung'uta mpaka akachoka, akazima mshumaa, akalala hivyo hivyo.

Aliamshwa na mmoja wao aliyekuwa akijipenyeza sikioni. Alijaribu kumtoa kwa kidole, na kidole kikamsukuma ndani zaidi. Mdudu alikwenda mpaka njia ilipokuwa nyembamba kuliko mwili wake, akakwama, akaanza kuchimba kwa miguu karibu na ngoma ya sikio. Speke alitafuta mafuta, chumvi, tumbaku, hakupata hata kimoja. Aliyeyusha siagi akaimimina, mdudu hakufa. Ndipo akachukua kisu kidogo cha kukunja na kukichomeka sikioni, gizani, akimtafuta mdudu kwa ncha.

Kisu kilimtuliza mdudu kwa kumchoma mara chache. Kilimchoma Speke pia. Sikio likavimba, likatunga usaha. Uvimbe ukashuka shingoni hadi begani, majipu yakajipanga mstari. Kwa siku kadhaa hakuweza kufungua kinywa, akaishi kwa mchuzi. Kwa miezi mingi sikio hilo halikusikia sawasawa, na alipopenga kamasi hewa ilipita ikapiga mluzi sikioni kwa sauti iliyowafanya waliokuwa karibu wacheke. Baada ya miezi 6 au 7 ndipo vipande vya mbawakawa, mara mguu, mara bawa, vilianza kutoka pamoja na nta.

Hesabu miezi hiyo. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alisimama kwenye kilima karibu na Mwanza ya leo akalitazama ziwa kubwa kwa mara ya kwanza, na kuamini kwamba ndipo Mto Nile unapoanzia. Asubuhi hiyo mabaki ya mdudu wa Tanganyika yalikuwa bado sikioni mwake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ni habari ya sikio iliyoandikwa na mwenyewe aliyeumia, hatua kwa hatua, na kwa sababu mtu huyo ndiye aliyepita Karagwe miaka michache baadaye na kutuachia maelezo ya wapiga hodi wa kwanza kutoka Ulaya katika milima ile. Lakini ninachokitafuta hasa ni kitu kingine: kinundu cha mfupa kinachoota ndani ya njia ya sikio, kisicho saratani, kinachoweza kuziba usikivu taratibu bila mwenyewe kujua. Kinundu hicho na kisu cha Speke vinakutana mahali pamoja, pale panapofika nuru kabla ya chuma au chuma kabla ya nuru.

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Theluthi yake ya nje ni gegedu, na ngozi yake ni nene, ina vinyweleo na tezi zinazotengeneza nta. Theluthi mbili za ndani zimechongwa ndani ya mfupa wa fuvu. Huko ngozi ni nyembamba mno, imelazwa moja kwa moja juu ya utando unaofunika mfupa, bila mafuta wala nyama ya kuikinga. Ndiyo maana ukigusa sehemu ya nje unasisimka tu, bali ukifika ndani maumivu yanakufanya uruke. Mwishoni ndipo ilipo ngoma ya sikio. Mbele ya njia hiyo kuna kiungo cha taya. Nyuma yake, ndani ya mfupa, unapita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso. Yaelekea taya la Speke lilikaza kwa sababu uvimbe ulikuwa jirani na kiungo hicho.

Jambo linalosikitisha ni kwamba maarifa ya kutazama sikio kabla ya kuligusa yalikuwa tayari duniani usiku ule. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Anton von Tröltsch alionyesha kioo cha mviringo chenye tundu katikati: daktari anatazama kupitia tundu, na kioo kinarudisha mwanga wa dirisha au taa hadi kwenye ngoma ya sikio. Mjerumani mwenzake, Friedrich Hofmann, alikuwa ameandika juu ya kioo cha namna hiyo mwaka 1841, lakini hakusikilizwa sana. Mwaka huo huo wa 1855 Heinrich Adolf Rinne alieleza jaribio la uma wa sauti linalotumiwa hadi leo. Uma unagongwa, mguu wake unawekwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha uma wenyewe unasogezwa mbele ya tundu. Mgonjwa akisikia vizuri zaidi kupitia mfupa kuliko kupitia hewa, tatizo liko kwenye njia ya kupitishia sauti, si kwenye neva. Huko Dublin, William Wilde alikuwa amechapisha kitabu kikubwa cha upasuaji wa masikio mwaka 1853. Na London kulikuwa na Joseph Toynbee.

Toynbee alipasua na kuchunguza masikio ya maiti zaidi ya 1,500 ili aelewe magonjwa ya walio hai. Miongoni mwa aliyoyaandika mapema, tangu 1849, ni vinundu vya mfupa ndani ya njia ya sikio. Aliviona kwa watu wazima waliomjia wakilalamika kwamba sikio limeziba. Kitabu chake cha magonjwa ya sikio kilitoka 1860. Alikufa 1866 katika chumba chake cha kazi, akijijaribia mwenyewe kuvuta mvuke wa dawa kwa matumaini ya kutibu mvumo wa masikioni. Hakujua kwa nini mfupa ule huota. Kwa miongo mingi baada yake hakuna aliyejua kwa hakika, na wengi walitupa lawama kwa jongo, baridi yabisi, kaswende na damu ya ukoo.

*

Speke alirudi Afrika Mashariki mwaka 1860, safari hii na James Augustus Grant. Walipita Unyanyembe, Uzinza na Usui kwa taabu kubwa ya kutozwa hongo kila mahali, wakaingia Karagwe mwezi wa Novemba 1861. Karagwe ya wakati ule ilikuwa dola kamili ya ukoo wa Bahinda, yenye mifugo, wahunzi na desturi za kitemi zilizopangwa vizuri. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga kituo chao Kafuro, karibu na mji mkuu wa Bweranyange. Nguo na shanga zilipanda huko kutoka Unyanyembe, na pembe za ndovu zikashuka.

Tarehe 25 Novemba Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika. Mtemi huyo aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Ninapenda kusimama hapa kidogo. Juu ya milima ya Karagwe, mbali na bahari kwa safari ya miezi, mtawala wa Kinyambo anamkaribisha mgeni kwa lugha ya Pwani, na mgeni anamsikiliza kwa masikio ambayo moja lilishaumizwa na kisu chake mwenyewe. Speke aliandika juu ya Rumanyika kwa heshima kuliko alivyowaandika watawala wengi aliokutana nao. Walizungumza juu ya nchi, maziwa na mito, na juu ya njia ya kwenda Buganda. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa nguzo ya misafara ile, alisaidia maneno yapite pande zote mbili.

Mwezi wa Desemba mguu wa kulia wa Grant ulivimba kuanzia juu ya goti. Usaha ulitunga, ukapasuliwa, ukatunga tena mahali pengine. Goti likapinda na kukakamaa. Speke alipoondoka tarehe 10 Januari 1862 kwenda Buganda, Grant hakuweza kutembea, akabaki chini ya ulinzi wa Rumanyika hadi Aprili. Ndipo ilipotokea ziara ninayoiona kuwa na thamani kubwa katika historia ya tiba ya Karagwe, na Grant mwenyewe aliiandika.

Kwanza watu walijaribu bandiko la moto la kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, halikufaa. Halafu Nnanaji, ndugu yake Rumanyika aliyesifika kwa uganga, akasema ugonjwa huo anaujua, akamtuma mganga mmoja Mnyambo, mtu mpole, aliyekuja na mkewe. Mganga hakuanza na kisu. Alianza na mikono: aliupapasa mguu kwa wororo ambao Grant aliufananisha na mguso wa mwanamke, akauchunguza. Kisha akawatoa nje ya nyumba watazamaji wote. Baada ya hapo ndipo alipochanja ngozi kwa kisu kidogo. Mkewe akafungua jani la mgomba lililokuwa limefungwa dawa nyeusi ya kusagwa, ikalowanishwa kwa mate na kusuguliwa kwenye chale. Mwisho kipande kidogo cha jiwe la volkano kikafungwa kwenye kifundo cha mguu.

Dawa hiyo haikumponya Grant. Ugonjwa ulikwenda mwendo wake, na aliondoka Karagwe akiwa amebebwa kwenye machela. Lakini mpangilio wa kazi ya yule Mnyambo, ambaye jina lake hatukuachiwa, ulikuwa sahihi: uchunguzi kwanza, utulivu wa chumba, kisha chuma. Visu viwili vidogo vya miaka ileile, kimoja kisiwani Tanganyika na kingine Bweranyange. Mwenye kisu cha Bweranyange alijua anachokigusa kabla hajakigusa, na katika hilo alimpita ofisa wa jeshi Mwingereza.

*

Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, akiwinda huko Uingereza, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton kuhusu chanzo cha Nile. Mwaka huo huo kitabu chenye kisa cha mbawakawa kilichapishwa. Na mwaka huo huo, Ujerumani, Hermann Welcker wa Halle aliandika juu ya mafuvu ya kale ambayo njia zake za masikio zilikuwa zimebanwa au kuzibwa kabisa na mfupa. Hapo suala likatoka kliniki na kuingia makumbusho. Kinundu cha Toynbee kilikuwa kwenye mafuvu ya watu waliokufa mamia na maelfu ya miaka nyuma, hasa ya Amerika.

Wataalamu wa mifupa wakaanza kuhesabu. Mwaka 1935 Aleš Hrdlička wa Taasisi ya Smithsonian, Washington, alichapisha kitabu kizima juu ya vinundu vya sikioni baada ya kukagua maelfu ya mafuvu. Alikuwa na data nyingi kuliko mtu yeyote kabla yake, na bado alitafuta sababu upande wa urithi na mwili wenyewe. Jibu lilikuwa kwenye maji. Mholanzi P. H. G. van Gilse mwaka 1938 alionyesha kwamba vinundu hivi viliwafuata watu waliozoea kuogelea kwenye maji ya baridi. Mwaka 1942 Wamarekani Fowler na Osmun waliyamwagia masikio ya panya wa maabara, wale wa guinea, maji ya baridi tena na tena, na mfupa mpya ukaota.

Mfupa huota kwa sababu ya ile ngozi nyembamba. Maji ya baridi yanapofika sehemu ya ndani, mishipa ya damu ya ngozi na ya utando wa mfupa hupanuka kwa nguvu ili kupasha joto. Hilo likirudiwa miaka mingi, utando hukasirika na kuweka tabaka jembamba la mfupa, kisha tabaka jingine, mpaka kinundu kinakaa kama kitunguu chenye maganda. Vinakuwa kadhaa, mara nyingi katika masikio yote mawili, vyenye kitako kipana. Madaktari huviita eksostosi. Tangu mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi uenee katika karne ya 20, vimekuwa ugonjwa wa vijana wa fukwe za baridi za California, Uingereza na New Zealand.

Mwaka 1986 mtafiti Kennedy alipanga takwimu za mafuvu kwa latitudo. Vinundu vilijaa zaidi kati ya nyuzi 30 na 45, kaskazini na kusini ya Ikweta, mahali ambapo watu huingia majini na maji ni baridi. Karibu na Ikweta vilikuwa haba. Nako huko barafuni havikuwa vingi, kwa kuwa hakuna anayezamia maji yale kila siku apate riziki. Baridi inayohesabika ni ile ya maji yaliyo chini ya nyuzi 19 za Selsiasi au karibu nazo.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ulitoka Arica, kaskazini mwa Chile. Mwaka 1997 Vivien Standen, Bernardo Arriaza na wenzao walitoa hesabu ya mafuvu 1,149 ya watu wa kale. Wale wa pwani, waliozamia bahari ya baridi kutafuta kombe na samaki, asilimia 30.7 walikuwa na vinundu. Wa mabondeni, asilimia 2.3. Wa nyanda za juu, ambako usiku ni wa baridi kali na upepo unakata, hakukuwa na hata mmoja. Baridi ya hewa haioteshi mfupa sikioni. Yanayouotesha ni maji ya baridi yanayoingia ndani. Mwaka 2019 Erik Trinkaus na wenzake waliangalia masalia ya binadamu wa kale 77, na kati ya Neanderthal 23 karibu nusu walikuwa na vinundu. Watu wale wa kale wa Ulaya na Asia ya Magharibi, tuliozoea kuwawazia mapangoni na mikuki, inaonekana walikuwa wakiingia majini kutafuta chakula kuliko tulivyodhani.

Sasa rudi Karagwe na Kyerwa. Wilaya hizi zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipojitenga mwaka 2012, na ziko nyuzi 1 hadi 2 na ushei tu kusini mwa Ikweta. Asubuhi za Kayanga na Kaisho zina ukungu na baridi ya kuvaa koti, watu wakienda mashambani kwenye kahawa na migomba. Mto Kagera unazunguka upande wa Rwanda na Uganda, yapo maziwa madogo kama Rwakajunju, na Burigi upande wa kusini. Lakini watu wa huku wanachota maji, wananywesha ng'ombe, wanavua kwa mitumbwi; hawaishi kwa kuzamia. Viboko na mamba nao wana sauti yao katika jambo hilo. Na maji ya ukanda huu, kuanzia Ziwa Victoria lenyewe, hayashuki kufikia baridi ile. Kwa hiyo Mnyambo anafanana na watu wa nyanda za juu za Chile: anaijua baridi, lakini sikio lake haliijui.

Haya si mambo ya kujifurahisha kwa elimu tu. Yanamhusu daktari wa Karagwe moja kwa moja. Akiona kinundu kigumu sikioni kwa mtu aliyezaliwa Nkwenda na hajawahi kuogelea katika bahari ya baridi, asikimbilie kusema ni eksostosi. Afikirie osteoma. Hii ni aina nyingine ya kinundu cha mfupa, haihusiani na maji, inaweza kumpata mtu popote. Kwa kawaida ni kimoja, katika sikio moja, chenye shina jembamba, kimeota kwenye mshono wa mifupa ndani ya njia ya sikio. Ndani yake kuna mfupa wa sponji na uboho, si maganda ya kitunguu. Nayo pia si saratani na haienei mwilini. Kwa Mtanzania aliyeishi miaka Uingereza au Cape Town akiogelea baharini majira yote, hesabu inabadilika, kwa hiyo swali la daktari "umeishi wapi, umeogelea wapi?" lina uzito sawa na taa yake.

Na mara nyingi zaidi kinachoziba sikio Karagwe si mfupa kabisa. Ni nta iliyoshindiliwa kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti, pini ya nywele au unyoya wa kuku. Ni usaha wa muda mrefu kutoka sikio la kati lililotoboka ngoma utotoni. Ni punje ya haragwe aliyoiingiza mtoto akicheza wakati wa kupura. Hiyo ikipigwa maji inavimba na kubana zaidi. Ni mdudu, kama yule wa Speke. Kila kimoja kina njia yake, na dawa ya kimoja ni madhara kwa kingine.

Tuseme mkulima anafika zahanati akisema sikio la kushoto limeziba miezi mingi na maji ya kuoga hayatoki. Mhudumu anavuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, anaingiza otoskopu, anawasha. Nta ni kahawia au nyeusi, haina umbo la kudumu. Nyama laini nyekundu inayolowa usaha ni polipu, na mara nyingi nyuma yake kuna ugonjwa wa sikio la kati. Kinundu cha mfupa kinafunikwa na ngozi ya kawaida, nyeupe au ya waridi, nacho ni cha duara na laini kwa kutazama. Kikiguswa taratibu kwa kifaa butu ni kigumu kama jino, na mgonjwa anahisi maumivu kwa sababu ya wembamba wa ngozi ile. Kisha uma wa sauti wa Rinne, karne moja na nusu na zaidi baada ya kubuniwa, unaeleza kama usikivu umepungua kwa kuzibwa. Pale kinundu kinapoficha ngoma, au kunapokuwa na shaka ya kitu kingine nyuma yake, kipimo cha CT kinaonyesha mfupa, ukubwa wake na shina lake.

Matibabu yanaanza na kutofanya kitu, nami nalisema hilo bila kusita. Kinundu kidogo kisichosumbua kinaachwa na kutazamwa mara kwa mara. Shida inakuja pale njia inapokuwa nyembamba mno, nta na ngozi iliyokufa vinanasa nyuma ya mfupa, maji hayatoki, na sikio linapata uambukizo tena na tena. Hapo linasafishwa na mtu anayeona anachofanya, dawa ya matone inatolewa, na mgonjwa anaelezwa aweke sikio kavu. Mwenye eksostosi anayeendelea kuogelea kwenye baridi huvaa vizibo. Vijiti vya pamba vinaachwa kabisa.

Upasuaji ni kwa wale ambao hayo yameshindwa au usikivu umeshuka. Katika karne ya 19 madaktari walitumia patasi na nyundo, wakikisia. Kilichogeuza kazi hii ni darubini ya upasuaji, aliyoitumia Carl Olof Nylén kwa mara ya kwanza kwenye sikio huko Stockholm mwaka 1921. Leo mpasuaji anafuata tundu la sikio au anapitia nyuma yake, anainua ile ngozi nyembamba kwa uangalifu na kuihifadhi, kwa kuwa ndiyo itakayofunika mfupa uliobaki. Anasaga kinundu kidogo kidogo kwa mashine yenye kichwa cha almasi huku maji yakipoza, au anakimega kwa patasi ndogo, akiikinga ngoma, akijua kiungo cha taya kiko mbele na mshipa wa uso uko nyuma. Osteoma yenye shina jembamba mara nyingine hung'oka kwa urahisi zaidi. Ngozi ikirudishwa, sikio linapakiwa, na kupona kunachukua wiki kadhaa. Hatari zipo: ngoma kutoboka, njia kubana upya kwa kovu, mvumo. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa zote kabla hajasaini.

Upasuaji huo haufanywi zahanati. Mgonjwa wa Karagwe anaanzia kituo cha afya, anakwenda Nyakahanga, hospitali ya KKKT ambayo vizazi vimezaliwa na kutibiwa humo, au Nyakaiga. Wa Kyerwa anakwenda Isingiro. Kutoka hapo ni rufaa ya mkoa Bukoba, na kwa kazi kubwa ya sikio ni Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyofunguliwa 1971, si mbali na kilima kile ambako Speke alilitazama ziwa. Ni safari ndefu kwa nauli ya mkulima. Lakini hatua ya kwanza haihitaji safari. Otoskopu inaingia mfukoni na inaendeshwa kwa betri, na kujifunza kuitumia vizuri ni suala la mafunzo na mazoezi. Kama ningepewa nafasi ya kuziombea zahanati zote za Karagwe na Kyerwa kitu kimoja kwa ajili ya masikio, ningeomba hicho, pamoja na mtu aliyefundishwa kukitumia.

Nawe msomaji, ukiwa Kayanga, Murongo au popote, sikio likiziba usilichokonoe. Mdudu akiingia na ngoma yako haijawahi kutoboka, mimina mafuta safi ya kula yaliyo vuguvugu, mdudu afe, kisha nenda ukatolewe. Haragwe likiingia sikioni mwa mtoto, usimwage maji, mpeleke alivyo. Na ukifika kwa mhudumu, kabla hajashika bomba la maji au chombo chochote, mwombe kwa adabu akumulike kwanza atazame.